Mjomba anabishana vibaya, biashara inakwenda vizuri

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nilisoma mantiki chuoni, na sasa namsaidia mjomba wangu vitabu vya hesabu kwenye karakana yake ya samani. Kila jioni tunabishana. Husema matajiri wakubwa wa dunia waliacha chuo, kwa hiyo shule haina kazi. Husema mteja mwenye haraka asipewe mkopo. Husema tawi la pili tumeshalitilia pesa nyingi mno, hatuwezi kuliacha. Nikimwonyesha kosa la kila hoja, anamalizia: "Wewe hujawahi kuuza hata kigoda." Kwenye mabishano nashinda mimi. Lakini karakana ina miaka thelathini na iko wima, na mshahara wangu unatoka kwake. Nitatofautishaje hoja potofu na kanuni ya mkato inayofaa?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nimelisoma swali lako mara mbili, ya pili nikicheka, maana kijana huyo nilikuwa mimi. Nilipoanza kufundisha nilitembea na orodha ya makosa ya hoja kama mwamuzi wa mpira: mtu akifungua kinywa tu, filimbi. "Hapo umejumlisha kupita kiasi." "Hapo umemshambulia msemaji, hujaigusa hoja." Raha yake ni kubwa, na inadumu mpaka siku unapogundua kwamba watu hunyamaza ukiingia.

Orodha yenyewe ni kongwe. Aristotle alihesabu makosa 13, waliomfuata wakaongeza, mpaka mwaka 1970 Charles Hamblin, mwanamantiki wa Australia, akalalamika kwamba waandishi wa vitabu vya mantiki wanarithishana orodha na mifano ileile bila kujiuliza kosa lenyewe hasa ni nini. Douglas Walton wa Kanada alitumia miaka mingi kulishughulikia swali hilo, na jibu lake ndilo ninalolitumia mimi: hoja nyingi tunazoziita potofu zina kazi yake ndogo iliyo halali. Zinatupa cha kushikilia kwa muda, mpaka lije swali la kuziangusha. Kosa linaanza pale mwenye hoja anapofunga mlango, asitake swali lolote liingie.

Chukua methali ya dalili ya mvua kuwa ni mawingu. Mtu akiona wingu akaanua nguo, hajathibitisha kwamba mvua itanyesha, wala hajadai hivyo. Amepima tu: kuanua bure ni kazi ya dakika tatu, nguo zikilowa ni kazi ya asubuhi nzima. Huyo ametumia kanuni ya mkato. Jirani yake akisema "wingu lile, lazima inyeshe, na asiyeanua ni mjinga," amelichukua wingu lilelile akalifanyia kosa la hoja. Kwa hiyo mjomba akisema jambo, kabla ya kutafuta jina la kosa jiulize sentensi hiyo imetwishwa mzigo gani. Ukiuliza hivyo, zile sentensi zake nne ulizoniandikia zinaachana kabisa.

Nianze na mteja mwenye haraka, kwa sababu hapo mjomba wako ni hodari kuliko anavyojua kujieleza. Nadhani ulimwambia kwamba mtu anaweza kuwa na haraka kwa sababu mia, na huwezi kutoka kwenye haraka ukatua kwenye utapeli. Ni kweli. Ila mjomba hana haja ya kutua huko. Tufanye hesabu ya kabati moja. Tuseme linauzwa kwa 100, na kulitengeneza kunagharimu 80. Mteja wa mkopo akilipa, mjomba amepata 20. Asipolipa, mjomba amepoteza 80. Mtoro mmoja anakula faida ya walipaji wanne. Katika kila wateja watano wa mkopo akitoroka mmoja, karakana imefanya kazi bure. Wakitoroka wawili, mjomba amewalipa watu waje wachukue makabati yake.

Sasa angalia swali lilivyobadilika. Mjomba hatakiwi kujua kama wenye haraka ni matapeli. Anatakiwa kujua kama wasiolipa kati yao wanazidi mmoja katika watano. Hata kama robo tatu yao ni waaminifu kabisa, kuwanyima wote bado ni uamuzi sahihi, kwa sababu ile robo iliyobaki inatosha kumla. Wewe ulikuwa ukipinga dai ambalo kanuni yake hailihitaji. Bila shaka, huyo mteja mwaminifu aliyenyimwa ana haki ya kuudhika, na mjomba akimwita tapeli mbele ya watu amekosa adabu na mantiki kwa pamoja. Lakini kumwambia "mkopo leo sitoi, ukija na taslimu karibu" hakusemi lolote juu ya tabia yake.

Kwenye mkopo mjomba anastahili kuaminiwa; kwenye shule sidhani. Hapa kuna kazi ya wanasaikolojia wawili ambayo ningependa uijue. Daniel Kahneman, pamoja na Amos Tversky, ndio waliotutia wasiwasi juu ya njia za mkato za akili kwa makala yao ya mwaka 1974, iliyoonyesha jinsi zinavyotupotosha kwa namna ileile mara kwa mara. Gary Klein alikuwa upande mwingine: alichunguza makamanda wa zimamoto wakiamua kwa kutazama tu jengo linaloungua, na wakiamua vizuri. Ungetarajia wagombane. Mwaka 2009 Kahneman na Klein waliandika makala moja kwa pamoja kutafuta hasa wanapotofautiana, wakajikuta wanakubaliana kwa sehemu kubwa. Hisia ya mzoefu inafaa kuaminiwa kukiwa na mambo mawili. Kwanza, mazingira yenyewe yawe na utaratibu unaojirudia. Pili, mtu awe ameishi ndani yake vya kutosha, akipata mrejesho ulio wazi na usiochelewa, mpaka akaujua utaratibu huo. Wakaongeza jambo ambalo wauzaji wa semina za mafanikio hawapendi kulisikia: jinsi mtu anavyojiamini si kipimo.

Mpime mjomba hapo. Kwenye mkopo ameona wateja kwa miaka thelathini, na kila mmoja baada ya miezi michache alimletea jibu, pesa au visingizio. Kwenye matawi, amefungua mangapi? Moja, na hata hilo halijatoa jibu. Kwenye suala la watu kuwa matajiri wakubwa wa dunia, sidhani kama amelishuhudia hata mara moja. Mdomo ni mmoja, sauti ni ileile yenye uhakika, lakini kilicho nyuma yake ni vitu vitatu tofauti kabisa. Nadhani hapa ndipo mnapokosana kila jioni: yeye anautoa uzoefu wa mkopo kama dhamana ya maneno yake juu ya shule, na wewe unaiona dhamana haifai juu ya shule ukaitupa na kwenye mkopo.

Kanuni yake ya haraka ina tundu hata hivyo, na wewe mwenye vitabu ndiye unayeweza kuliona. Fungua daftari la madeni. Utakuta majina ya waliolipa na ya wasiolipa. Hutakuta jina hata moja la waliogeuzwa mlangoni. Mtu aliyenyimwa angelipa au asingelipa, hakuna ajuaye, kwa hiyo kanuni haiwezi kupatikana na kosa. Kila mwaka inazidi kuonekana ya kweli kwa sababu inajifichia ushahidi dhidi yake. Wateja wakibadilika, wakawa sasa wanaokuja na haraka ni wenye kazi nyingi na mishahara ya uhakika, karakana itaendelea kuwafukuza kwa miaka bila kusikia maumivu yoyote. Dawa yake si ghali. Kati ya kila kumi wenye haraka, mmoja apewe mkopo wa kitu kidogo, kigoda au rafu, kwa malipo ya awali, na aandikwe kwenye ukurasa wake peke yake. Asipolipa, ihesabu kuwa ni ada ya shule, hiyohiyo ambayo mjomba anasema haina kazi.

Usije ukadhani kanuni za namna hii ni za watu waliokosa kompyuta. Mwaka 2008 Markus Wübben na Florian von Wangenheim walichukua swali linalosumbua kila mfanyabiashara: nani kati ya wateja wa zamani bado ni mteja, na nani ameshakwenda zake? Mameneja wa shirika la ndege na wa wauza nguo walikuwa na jibu la mstari mmoja: asiyenunua kwa miezi tisa, mhesabu ameondoka. Watafiti wakailinganisha kanuni hiyo na modeli ya takwimu iliyoundwa na wataalamu kwa kazi hiyohiyo. Modeli haikushinda. Miezi tisa ya mameneja ilibashiri vizuri sawa nayo, au kuipita. Mwaka uliofuata DeMiguel, Garlappi na Uppal walifanya jambo la kufanana na hilo kwa wawekezaji: modeli 14 za kugawa fedha dhidi ya kugawa sawa kwa sawa tu, kwa seti saba za data. Hakuna modeli iliyoweza kuushinda mgawanyo wa sawa kwa sawa kila mahali. Modeli yenye vipimo vingi, ikipewa data chache, hukariri na kelele za jana, yale yaliyotokea kwa bahati tu, ikidhani ni somo.

Lakini zingatia kilichofanya tuziamini kanuni hizo. Zilijaribiwa kwa wateja na miaka ambayo haikutumika kuzitungia. Hapo ndipo nikiri udhaifu wa methali zetu, ingawa nazipenda na nimeshazitumia hapa. Haraka haraka haina baraka, na ngoja ngoja huumiza matumbo. Biashara ikifa, moja kati ya hizo mbili itakuwa imetimia, na mzee atakayeitaja ataonekana alijua. Methali hutwambia tufanye nini ikiwa hali ni hii. Hali yenyewe ni ipi, inatuachia wenyewe.

Sasa matajiri walioacha chuo. Hapa filimbi yako ni halali, ipulize.

Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Walitaka tuheshimu kazi iliyo nyuma ya chombo, na walisema kweli. Ila vilivyozama navyo viliundwa, pengine na fundi yuleyule, kwa mbao zilezile. Huvioni kwa sababu viko chini. Anayejifunza kuunda vyombo kwa kutazama vinavyoelea peke yake hawezi kujua ni lipi kati ya mambo anayoyaona lilivifanya vielee na ni lipi vilikuwa nalo hata vilivyozama.

Tena kwa watu hawa mfuatano wenyewe wa mambo umegeuzwa. Bill Gates alianza kuandika programu mwaka 1968, akiwa na umri wa miaka kama 13, kwenye shule ya Seattle iliyokuwa na mashine iliyounganishwa na kompyuta, wakati vyuo vingi vilikuwa havina. Alipoondoka Harvard mwaka 1975 kazi ilikuwa imeshampata: yeye na Paul Allen walikuwa na programu yao na kampuni ya kuinunua. Mark Zuckerberg alianzisha Facebook akiwa bado bwenini, Februari 2004, ikaenea kwenye vyuo kadhaa kabla hajafunga virago. Hawakuacha chuo ili wapate biashara. Biashara iliwazidi nguvu wakashindwa kukaa darasani. Kijana anayeacha masomo leo akingojea hilo limtokee anafanana na mtu anayevaa plasta mguuni akidhani ndiyo inayovunja mfupa.

Hata hivyo usimalizie hapo, maana ndani ya neno la mjomba kuna neno lingine, nalo ni zito zaidi: kwamba waliofika juu walithubutu. Hili naomba ulifanyie hesabu kabla ya kulipigia filimbi. Nakupa namba za kubuni. Watu 1,000 wanaanzisha biashara. 200 ni wajasiri: wanakopa sana na kutia kila walicho nacho. 800 ni waangalifu. Baada ya miaka kumi, kati ya wajasiri 10 wamekuwa wakubwa sana na 150 wamefilisika. Kati ya waangalifu 4 wamekuwa wakubwa sana na 300 wamefilisika. Gazeti linakwenda kuwahoji wale wakubwa 14. Kumi wanasema: thubutu! Mwandishi anaandika kwamba siri ya mafanikio ni kuthubutu, na hajasema uongo hata neno moja. Ila mjasiri alikuwa na nafasi tatu kati ya nne za kufilisika, na mwangalifu chini ya mbili kati ya tano. Hao 150 hawakuhojiwa.

Wengi huishia hapo wakaona wamemaliza. Rudi kwenye namba. Mjasiri alikuwa na nafasi 10 kati ya 200 ya kuwa mkubwa sana, yaani 5 kwa mia. Mwangalifu, 4 kati ya 800, nusu kwa mia. Kuthubutu kumeiongeza nafasi ya kufika kileleni mara kumi! Kwa hiyo dai la mjomba ni jibu sahihi la swali fulani: nifanye nini ikiwa ninachotaka ni kilele tu, na kufilisika nakuweza? Mtu mwenye familia na wafanyakazi sita analo swali jingine: nifanye nini ili mwaka kesho tuwepo? Kosa la mjomba ni kuchukua jibu la swali la kwanza na kulibandika kwenye la pili. Hilo ni kosa la kawaida kabisa kwenye mazungumzo ya mafanikio, na sijaona likipewa jina la Kilatini.

Vitabu vya biashara vimelirudia kwa fahari. Kitabu kimoja cha Marekani cha mwaka 1982 kilichagua kampuni 43 bora na kueleza siri zao. Miaka miwili tu baadaye gazeti la biashara liliweka kwenye jalada habari kwamba kadhaa kati ya hizo zilikuwa zinayumba. Kingine cha mwaka 2001 kilichagua 11 zilizotoka kuwa za kawaida zikawa za kupigiwa mfano. Mojawapo, Circuit City, iliomba ulinzi wa kufilisika Novemba 2008. Nyingine, Fannie Mae, ilishikiliwa na serikali Septemba ya mwaka huohuo. Waandishi hawakuwa matapeli. Waliangalia vinavyoelea. Ukichagua watu kwa sababu wamefikia kiwango kisicho cha kawaida, sehemu ya walichonacho ni bahati, na bahati ya jana haina mkataba na kesho. Wengi watarudi karibu na wastani hata wasipokosea jambo. Halafu kuna mng'ao, ambao Edward Thorndike aliuona mwaka 1920 wakubwa wa jeshi walipowapa alama walio chini yao: aliyepewa alama nzuri kwa sifa moja alipewa nzuri kwa sifa zote. Kampuni ikipata faida, mkurugenzi wake ni mtu mwenye msimamo. Ikipata hasara, mkurugenzi yuleyule ni mkaidi.

Tawi la pili. Nadhani uliliita kosa la kulilia pesa iliyokwisha kuzama, na kama sentensi ilivyo, ni kosa hilo. Uingereza na Ufaransa zilikubaliana mwaka 1962 kujenga ndege ya abiria ya Concorde, gharama zikapanda, dalili kwamba haitajilipa zikaonekana mapema, nazo zikaendelea kulipa kwa sababu zilikuwa zimeshalipa. Ndege 14 tu ndizo ziliingia kwenye kazi ya abiria, iliyoanza mwaka 1976, kwa mashirika ya nchi hizo mbili, na zilizobaki zikastaafu mwaka 2003. Watu wa kawaida nao hawapishani na serikali: mwaka 1985 Hal Arkes na Catherine Blumer walieleza jinsi watu walionunua tiketi za msimu wa michezo ya kuigiza kwa bei kamili walivyohudhuria maonyesho mengi zaidi, katika nusu ya kwanza ya msimu, kuliko wale ambao, bila kutarajia, walipunguziwa bei palepale dirishani. Michezo ilikuwa ileile. Kilichowatoa nyumbani ni pesa iliyokwisha kwenda.

Lakini "kosa la pesa iliyozama" halikupi ruhusa ya kusema tawi lifungwe. Wewe umeonyesha tu kwamba sababu aliyoitoa haifai. Uamuzi unaweza kuwa mzuri na sababu yake mbovu. Mtu anaweza kufika nyumbani kwa ramani iliyochorwa vibaya. Tawi likiwa limefikia hatua ya kubaki mlango na taa, kuendelea huenda ndiyo akili, kwa sababu kilichobaki kulipwa ni kidogo kuliko kitakachoingia. Muulize mjomba hivi: leo mtu akikupa tawi hili bure, kama lilivyo, pamoja na kodi yake na mishahara yake ya mwaka ujao, ungelipokea? Swali hilo linaizika pesa ya zamani bila kumtukana aliyeitoa. Mkilijibu, anzeni na hali ya wengi kabla ya hali yenu: takwimu za Ofisi ya Takwimu za Kazi ya Marekani zinaonyesha kwa miaka mingi kwamba takriban moja kati ya biashara tano mpya hufungwa kabla ya kumaliza mwaka wa kwanza, na karibu nusu hazivuki mwaka wa tano. Hiyo ni Marekani, na kufungwa si lazima kuwa hasara. Lakini kwa mtu asiyejua lolote bado juu ya tawi lake, namba ya mahali pengine inamshikisha adabu kuliko matumaini matupu. Kisha sogeza makisio juu au chini kwa mnachokijua ninyi, na mnakijua kingi: vitabu viko mikononi mwako.

Nimeliweka mwisho lile lililokuuma. "Hujawahi kuuza hata kigoda." Kama jibu la hoja yako ya mantiki, halifai kitu, hesabu ya kabati niliyokufanyia hapo juu ni sahihi hata ikisemwa na kasuku. Lakini mjomba hana muda wa kukagua kila hoja inayoletwa mezani, na wewe pia huna. Mtu asiyeweza kuipima hoja yenyewe humpima mletaji: amewahi kufanya? Akikosea, atalipa nani? Kwa kazi hiyo, ya kugawa imani kukiwa na upungufu wa muda, neno lake ni kanuni halali. Tena ona: mshahara wako hautegemei ushauri wako kuwa sahihi. Wake unategemea. Ukitaka aache kuitumia, mpunguzie sababu. Mletee jambo analoweza kulikagua mwenyewe kwa dakika mbili, likitoka kwenye daftari lake, na neno "kosa" liache chuoni.

Nikupe na la kwangu. Zamani mimi na rafiki zangu wawili tulitaka kupanga chumba cha biashara ya kuchapa. Mzee mmoja mtunza hesabu akatuambia tusichukue chumba kilichobadilisha wapangaji watatu ndani ya miaka miwili. Nikamweleza, kwa ufasaha mkubwa, kwamba jambo kutokea baada ya jambo si dalili kwamba moja limesababisha jingine, na kwamba wapangaji wale huenda waliondoka kwa sababu zao. Alinisikiliza mpaka mwisho, akavaa kofia yake. Baada ya miezi kumi na moja tukawa wapangaji wa nne kuondoka. Kwa miaka mingi niliitoa hadithi hii kama uthibitisho kwamba mzee alikuwa sahihi. Siku moja mwanafunzi akaniuliza mashine zetu zilikuwa na hali gani. Zilikuwa mbovu. Huenda tungefungwa popote.

Kwa hiyo sijui kama chumba kilikuwa na kasoro. Ninachojua ni kwamba kuchunguza kungetugharimu asubuhi moja ya kumtafuta mpangaji wa tatu na kumuuliza kwa nini aliondoka, na ufasaha wangu ndio uliotuzuia kwenda.

Jioni ya leo mkiketi, acha shule na matajiri vipite. Muulize mjomba kuhusu miaka ya mwanzo, kabla hajaiweka kanuni ya haraka: kati ya wenye haraka aliowakopesha wakati huo, walilipa wangapi? Atakutajia kwa majina, hasa wale ambao hawakulipa. Wewe endelea kumuuliza wa upande wa pili mpaka awakumbuke nao, kisha waandike wote kwenye ukurasa mmoja.